Hedifoni Alizouzia Babako Baiskeli

Mwanangu Zuhura,

Umetoka sasa hivi na mama mdogo Rukia kwenda kuwaaga jamaa, na sanduku lako limesimama hapa mlangoni limeshafungwa kamba. Ningeweza kukungoja urudi nikwambie kwa mdomo. Lakini utarudi na watu, na kesho asubuhi watu watazidi, na haya ninayotaka kukwambia siyawezi mbele za watu. Barua nitaitia chini ya mto wako. Isome leo kabla hujalala.

Habari za kula na kufua na kuamka mapema sikutajii. Umezisikia hata umechoka, na nyingine unazijua kunishinda.

Nataka kulijibu lile swali lako la jana. Tulipokuwa tukila ulitueleza habari za hedifoni ulizoziona kwenye duka la vyombo vya umeme pale Malindi, zile kubwa zinazofunika sikio zima, ukasema mtu akizivaa hata gari likipita mlangoni hasikii ila muziki wake. Ukasema bweni la wasichana lina kelele na wewe kusoma penye kelele huwezi. Ukataka kujua kama zinastahili bei ile, maana ingekumalizia karibu fedha zote alizokupa mjomba wako. Uliuliza ukitutazama sote wawili. Babako aliendelea kula kwa kuwa hakusikia. Mimi nilisikia, nikainuka nikaenda jikoni, na uliponifuata nikakwambia moshi umeniingia machoni. Haukuwa moshi.

Nyumba yetu iliwahi kuwa na hedifoni kama hizo, tulipokuwa tukikaa Mambrui. Ulikuwa darasa la tatu, na sijui kama wazikumbuka. Labda wakumbuka ile miezi tuliyohamia Malindi, kwa nyanya yako mtaa wa Shela, ukawa unakwenda shule ya huko. Uliambiwa nyanya anaumwa na anahitaji mtu wa kumtazama. Nyanya alikuwa mzima. Nilikuwa nimemwacha babako.

Babako wakati huo alikuwa mtu wa pampu kule Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi. Kazi yake ilikuwa kuitunza injini inayovuta maji ya bahari na kuyatia katika mabwawa. Injini yenyewe ilikaa ndani ya kibanda cha mabati, na yeye alikaa nayo humo asubuhi hadi jioni. Hakupewa kitu cha kuziba masikio, wala hapakuwa na mtu aliyewaza kuomba. Siku za mwanzo aliniambia kwamba akitoka kibandani husikia mlio mwembamba kama wa nyenje, kisha akilala unakwisha. Nilimcheka. Tulikuwa vijana, tulikuwa twacheka kila kitu.

Wewe umemjua akiwa amekaa kimya barazani, kwa hiyo sharti nikwambie alivyokuwa. Babako alikuwa msemaji. Alipenda taarabu, na katika taarabu alipenda maneno kuliko ala. Aliweza kuisimamisha kaseti katikati ya wimbo akaniuliza kama nimesikia alivyosema mwimbaji hapo, kisha akairudisha nyuma nisikie tena, tukabishana maana yake hata wali ukaungua. Mazungumzo yetu mengi yalianzia hapo. Tulianza na ubeti wa wimbo tukaishia kwenye mambo yetu wenyewe.

Kisha akaanza kunyamaza. Haikuja kwa siku moja. Namwita, hageuki. Namwambia mawe ya redio yamekwisha au mtoto ana homa, ananiitikia kwa kichwa halafu anatoka nje kama sikumwambia neno. Namuuliza hili, anajibu lile. Rukia ndiye wa kwanza kulisema jambo nililokuwa naliogopa, kwamba huenda kuna mwanamke kule Gongoni. Nilimkemea, lakini nilikwenda nalo kitandani usiku ule na nyingi zilizofuata.

Nikapunguza kumwambia mambo. Niliona kama hataki kunisikiliza, ya nini kujichosha. Ikawa twazungumza ya lazima tu, chakula ki tayari, kuku wamefungiwa, nani amekufa. Hata hayo nilikuwa nayasema nikipita, bila kumtazama.

Ijumaa moja alikwenda Malindi na baiskeli. Jioni akarudi kwa miguu kutoka barabara kuu, amekumbatia boksi. Nilipouliza baiskeli iko wapi alinitazama mdomo, jambo ambalo sikulitilia maanani, akasema ameiuza.

"Umeiuza ya nini?"

"Nimenunua kitu."

Akalifungua boksi mbele yangu. Zilikuwa nyeusi, zina masponji manene yaliyofunikwa kwa ngozi laini ya bandia, na waya uliojisokota kama wa simu. Hata kwenye redio yetu hazikuingia. Kichwa cha waya kilikuwa kinene kuliko tundu, ikabidi arudi Malindi Ijumaa iliyofuata kutafuta kipande cha kuunganishia. Juma zima zilikaa bure juu ya kabati, na baiskeli imekwenda.

Wajua baiskeli ilivyo kwa mtu anayelala Mambrui na kufanya kazi Gongoni. Akawa anaondoka kabla ya adhana ya alfajiri akasimame barabarani kuwahi lori la chumvi, na siku ambazo lori halikusimama alikwenda kwa miguu. Baiskeli ile ndiyo iliyotuletea maji, ndiyo iliyokupeleka wewe hospitali ulipokuwa na malaria. Rukia aliwaambia wanawake wenzetu kisimani kwamba shemeji yake ameuza baiskeli akanunua masikio. Walicheka sana, nami nikacheka nao ili nisilie.

Jioni baada ya kula alikuwa akikaa mkekani, ameegemea ukuta, zimo kichwani, macho ameyafumba. Midomo yake ilikuwa ikifuata maneno ya wimbo. Nyumba kimya kabisa, na yeye anatabasamu. Baiskeli ningeisamehe. Lile tabasamu sikuliweza, kwa kuwa nilikuwa sijaliona kwa muda mrefu na halikuwa langu.

Miezi michache ikapita, nikajua nina mimba. Tulikuwa tumemngojea mtoto wa pili kwa miaka, hata watu walikuwa wameacha kuniuliza. Nilingoja jioni, nikangoja wimbo uishe, nikangoja azivue. Alikuwa amenipa mgongo anakunja waya. Niliona haya kama bibi harusi. Nikasema kwa sauti ya chini, "Baba Zuhura, Mungu ametujaalia. Nina mimba."

Akamaliza kuukunja waya. Akaziweka hedifoni juu ya kabati, akatoka nje kufungia kuku.

Nilisimama pale pale namsikia akiwaita kuku waingie bandani. Asubuhi alipokwisha kuondoka nikafunga nguo zetu, nikakushika mkono tukaenda Shela.

Alikuja Ijumaa ya juma lile lile. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa hai, akamkaribisha ndani na kumkalisha mkekani. Babako akamwamkia kwa adabu zote. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Babu alimuuliza kuna nini baina yetu, naye akasema, "Mzee, wallahi silijui kosa langu." Kila babu aliponena, babako alikuwa akimkazia macho usoni, hageuzi hata kidogo. Nikaona huo ni ujeuri, kumkodolea macho mkwe wako. Babu alipokuja kuniuliza mimi, nilimwambia mwenyewe anajua. Hakuna mtu nyumbani mle niliyemweleza habari ya ile jioni, hata nyanya yako. Niliona aibu kusema kwamba mume wangu aliambiwa ana mtoto akaenda kutazama kuku.

Akaja tena Ijumaa nyingine, na nyingine. Nilikuwa nikituma neno kwamba nimelala. Akikuletea wewe miwa na embe anakaa nawe barazani kidogo, kisha anaondoka. Wewe huenda wakumbuka miwa hiyo.

Tumbo lilipokua nguo zikanibana. Nikaenda Mambrui kuchukua magauni yangu mapana, katikati ya juma, nikijua yuko kazini. Nilitazamia kukuta uchafu. Nyumba ilikuwa imefagiwa, vyombo vimeoshwa, kitanda kimetandikwa upande mmoja tu. Na hedifoni ziko kitandani upande wangu, zimelazwa juu ya leso yangu iliyokunjwa vizuri. Hilo ndilo lililonichoma. Nikaketi nikazivaa. Nilitaka nikijue hicho kitamu kilichonishinda mimi. Nikabonyeza kaseti.

Zuhura, kilichoniingia masikioni sikukijua kama ni wimbo. Nilipigwa. Nilizing'oa nikazitupa, nikashika kichwa kwa mikono miwili, na mtoto akaruka tumboni. Moyo ulipotulia nikazitazama. Zimelala pale godoroni, hazimo masikioni mwa mtu, nami namsikia mwimbaji neno kwa neno kana kwamba yumo chumbani. Nikaitazama redio. Kile kigurudumu cha sauti kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho, kisipoweza kwenda tena. Nyumba ile haikuwa na mtu mwingine wa kukizungusha. Hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiisikiliza kila jioni amefumba macho, anatabasamu kama mtu anayenong'onezwa, na masponji yale manene ndiyo yaliyoizuia isinifikie.

Nikazima. Magauni sikuyachukua. Nilikaa pale kitandani hadi jua likashuka.

Akarudi na chumvi imekauka miguuni. Hakuniona, alipita moja kwa moja akaketi kwenye kigoda kuvua viatu, mgongo kwangu. Nikasimama mlangoni nikamwita kwa sauti yangu ya kila siku. Hakugeuka. Nikamwita kwa nguvu. Nikamwita mara nyingine kwa sauti yangu yote, na jirani akaniitikia kutoka uani kwake, akiuliza kuna nini. Babako alikuwa bado anahangaika na kamba za viatu.

Nikazunguka nikasimama mbele yake. Alishtuka hata kiatu kikamponyoka.

"Tangu lini husikii?" nikamuuliza.

"Nasikia."

"Tangu lini?"

Akanitazama mdomo. Kisha akasema ni tangu masika ya mwaka juzi. Sikio la kushoto ndilo lililotangulia, la kulia likafuata. Alinieleza yote akiwa ameshika kile kiatu. Nyapara akijua hatamwacha kwenye pampu siku moja zaidi, kwa sababu mtu wa pampu hutakiwa aijue injini kwa mlio, ikianza kuharibika azime. Yeye alikuwa akiweka kiganja juu ya chuma na kuisikiliza kwa mkono.

"Na mimi?" nikamwambia. "Mimi pia ni nyapara?"

Alinieleza habari za duka. Alikuwa ameingia kununua mawe ya redio, na mwenye duka alikuwa akiwaonyesha wateja hedifoni mpya, akamvisha na yeye kwa mzaha. "Nikasikia maneno, Mama Zuhura," akaniambia. "Maneno yote." Alikuwa amekaa zaidi ya mwaka anasikia ngoma tu, maneno yamefutika. Akadhani masikio yake yamelala, na kwamba akiyasikilizisha kila siku yataamka, kama mguu uliovunjika unavyozoezwa kutembea. Alitaka yaamke kabla sijajua. Alitaka siku moja nimwite naye aitike, basi, jambo liishe bila mtu kuaibika.

Ndipo akaona tumbo langu. Alikuwa hajaniona tangu niondoke. Akauliza ni miezi mingapi, na kwa nini sikumwambia. Nikaushika uso wake nikamwambia polepole kwamba nilimwambia, jioni ile alipokuwa akikunja waya, na yeye akatoka kufungia kuku. Akashuka kwenye kigoda akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa kikoi. Nami nikaketi pale chini pamoja naye hadi adhana.

Daktari wa Malindi alitwambia waziwazi. Injini ndiyo iliyoyavunja masikio, na yaliyovunjika hayarudi. Kisha akauliza kama kuna kelele nyingine, na babako akamwambia habari za hedifoni kwa furaha, kama mgonjwa anayemweleza daktari dawa aliyojipatia mwenyewe. Daktari akasema kwamba kwa sauti kubwa kiasi kile, na kwa saa zile, kidogo kilichobaki kinaliwa. Niliwatazama wote wawili, nikaona babako ameyasoma maneno hayo kwenye midomo ya daktari kabla sijamrudilia.

Yaliyofuata unayajua. Alijisema mwenyewe kwa nyapara, wakamtoa kwenye pampu wakamtia kwenye kubeba magunia, akabeba hadi kiuno kikamshinda, kisha akaja kulima hapa Sabaki kwenye ardhi ya jamaa zake. Nduguyo Salim alizaliwa. Baiskeli nyingine tulikuja kuipata wakati wewe ukimaliza shule ya msingi.

Hedifoni nilitaka ziuzwe. Alinisihi, tukakubaliana Ijumaa peke yake, upande mmoja wa kaseti, na kigurudumu nizungushe mimi. Sitakudanganya, mwanangu, ni vitu vizuri. Mara nyingine alinivisha mimi, sauti ikiwa ya chini, na nikamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno. Nilisikia kidole cha mpiga udi kikiteleza juu ya uzi. Kaseti hiyo nilikuwa nimeisikia mwaka baada ya mwaka kwenye spika ya redio na sikujua kwamba hayo yamo. Anayekwambia zile za bei kubwa na zile za kawaida ni mamoja hajazivaa.

Lakini hewa yetu hii ya chumvi haiogopi bei. Masponji yakaanza kubanduka vipande vipande vyeusi vinavyoshika nywele, waya ukakakamaa, upande mmoja ukafa. Wakati huo babako alikuwa ameshaacha kuzivaa. Maneno yalikuwa yamefutika na humo pia.

Leo asubuhi ulipokuwa ukipiga pasi nguo zako nilikaa mbele yake nikamuuliza swali lako, kama zilistahili baiskeli. Akasema, "Zilinipa maneno mwaka mmoja zaidi. Ningeiuza tena."

Mimi sikubaliani naye, na nilimwambia. Ningemsomea nyimbo zile sikioni mwenyewe, mstari kwa mstari, kama angeniambia. Akasema sauti yangu haijui kuimba. Basi tumeachia hapo, na wewe una majibu mawili. Ukizinunua sitakasirika. Fedha ni zako, na kelele za bweni nitakuwa sizisikii mimi. Ila ukizivaa, kishike kigurudumu hadi pale ambapo mwenzako akikuita jina lako unageuka, usipapite.

Na kama siku moja una neno zito la kumwambia mtu, hata kama waona haya, zunguka usimame mbele yake. Mimi nililisema langu kwenye mgongo wa mtu, kisha nikauchukua ule ukimya wake kuwa ni jibu, nikauishi kwa miezi kama jibu. Babu yako aliniuliza, nyanya yako aliniuliza, yeye mwenyewe alikuja Ijumaa baada ya Ijumaa kuuliza, nami nilikuwa nina hakika. Sijawahi kuwa na hakika ya jambo lolote kama nilivyokuwa na hakika miezi ile.

Nasikia sauti za akina Rukia zinakuja njiani, kwa hiyo nimalizie la kesho.

Kesho steji, basi likiwa limeshajaa, babako atakuaga. Umeona siku hizi anavyosema, kiasi cha sauti kimempotea. Atakuombea dua kwa kelele, abiria watageuka, na huenda wasichana utakaokwenda nao wakacheka. Siku zote mimi humgusa mkono naye hushusha. Kesho sitamgusa. Na wewe usimwonyeshe ishara, usitazame pembeni, mtazame usoni mpaka amalize. Anataka na yeye ajisikie akikuaga.

Mungu akutangulie njia nzima.

Mamako